Arpad Elo: Mwalimu wa fizikia ambaye hesabu yake inawapanga wachezaji wa simu hadi Walukuba

Arpad Elo alifariki dunia tarehe 5 Novemba 1992, akiwa na umri wa miaka 89, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado haijawafikia watu wa kawaida wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, kijana wa Walukuba anapomaliza pambano la mtandaoni la kufyatuliana risasi na kuona pointi zake zimepanda au zimeshuka, mara nyingi hesabu inayotoa uamuzi huo ina chimbuko lake katika fikra za mwalimu huyo wa fizikia.

Walukuba ni mtaa wa mji wa Jinja, mashariki mwa Uganda, uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Leo vijana wake wanaweza kupambana na watu wa mabara mengine bila kutoka kibarazani. Pointi walizo nazo ndizo zinazoamua watapangiwa mpinzani gani, watahesabiwa katika ngazi ipi, na kwa baadhi yao, kama watapata nafasi ya kushindania zawadi. Aliyeianzisha hesabu hiyo, lakini, aliionea shaka zaidi kuliko wengi wanaoitumia leo.

Kutoka Hungary hadi Milwaukee

Elo alizaliwa tarehe 25 Agosti 1903 katika kijiji cha Egyházaskesző, magharibi mwa Hungary, nchi iliyokuwa wakati huo sehemu ya dola ya Austria na Hungary. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka kumi, alihamia Marekani pamoja na wazazi wake. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kuanzia mwaka 1926 akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka arobaini.

Nje ya darasa, mapenzi yake yalikuwa sataranji. Alikuwa bingwa wa jimbo la Wisconsin mara kadhaa, na mwaka 1939 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Shirikisho la Sataranji la Marekani. Mwaka 1957, mjini Milwaukee, alishindwa na kijana wa miaka 14 aliyeitwa Bobby Fischer. Miaka 14 baadaye, jina la Fischer lilikuwa juu kabisa katika orodha ya dunia iliyokokotolewa kwa kanuni za Elo, akiwa na pointi 2760.

Wakati Elo anaanza kazi hiyo, wachezaji wa Marekani walikuwa wakipimwa kwa utaratibu uliobuniwa na Kenneth Harkness, uliotegemea wastani wa pointi za wapinzani wa mchezaji katika mashindano. Utaratibu huo ulikuwa rahisi, lakini wakati mwingine ulitoa majibu ya ajabu: mtu aliyekutana na wapinzani wenye nguvu kumzidi sana angeweza kupanda hata baada ya kushindwa na wote. Elo, aliyezoea vipimo vya maabara, alitafuta njia iliyosimama juu ya misingi ya takwimu. Shirikisho la Marekani liliikubali njia yake mwaka 1960, na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, likafuata mwaka 1970.

Kushinda peke yake hakutoshi

Wazo lake kuu lilikuwa hili: mchezaji hana uwezo ulioganda mahali pamoja. Siku moja hucheza vizuri, siku nyingine vibaya, lakini kuna wastani ambao mchezo wake huuzunguka. Tofauti ya pointi kati ya watu wawili inatosha kukadiria nani atashinda, na mara ngapi.

Chukua mfano wa mchezaji mwenye pointi 1600 anayekutana na mwenye 1400. Hesabu inatarajia kwamba katika mapambano 100, wa kwanza atashinda takriban 76. Tofauti ikifika pointi 400, atatarajiwa kushinda takriban 91.

Baada ya pambano, matokeo halisi hulinganishwa na yale yaliyotarajiwa, na tofauti yake huzidishwa kwa namba maalumu. Tuseme namba hiyo ni 20. Mwenye 1600 akishinda ataongezewa takriban pointi tano tu, kwa kuwa amefanya lililotazamiwa. Akishindwa, atapoteza takriban 15, na mpinzani wake atazipata zote. Kwa maneno mengine, ushindi uliotarajiwa hulipa kidogo, na ushindi ambao hakuna aliyeutazamia hulipa sana. Ndiyo sababu kijana anayewaonea wanyonge usiku kucha huona pointi zake zinatambaa, ilhali kosa moja mbele ya mgeni humteremsha kwa kishindo.

Kutoka ubaoni hadi kwenye skrini

Sataranji huwakutanisha watu wawili. Michezo ya risasi ya mtandaoni huwakutanisha watu watano kwa watano, au makumi kwa pamoja, na wachezaji wapya huingia kila saa bila historia yoyote. Hesabu ya Elo ilihitaji kuongezewa mambo.

Mwaka 1995, mtaalamu wa takwimu wa Marekani Mark Glickman alitoa mfumo wa Glicko, ambao pamoja na pointi za mchezaji huhifadhi pia kiasi cha shaka iliyopo juu ya pointi hizo. Mtu asiyecheza kwa muda mrefu, shaka juu yake huongezeka. Miaka kumi baadaye, kampuni ya Microsoft ilianza kutumia mfumo wa TrueSkill katika huduma yake ya Xbox Live, ukiwa na uwezo wa kugawa sifa na lawama ndani ya timu. Mchezo wa Halo 3, uliotoka mwaka 2007, ulikuwa miongoni mwa ile iliyoutumia.

Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo linalowasumbua wachezaji wengi: kwa nini mtu mpya hupanda au kuporomoka kwa kasi, kisha mwendo wake ukatulia? Mwanzoni mfumo haumjui. Kila pambano hupunguza shaka, na shaka ikipungua, kila matokeo huwa na uzito mdogo zaidi.

Michezo mingi pia huweka namba mbili. Moja huonyeshwa kwa jina la fedha, dhahabu au almasi ili kumtia mchezaji hamasa. Nyingine hufichwa, na mara nyingi ndiyo inayotumika kumtafutia mpinzani.

Kile ambacho namba haikioni

Hesabu hiyo huona matokeo, haioni sababu. Umeme ukikatika Jinja katikati ya pambano, au bando likaisha, mara nyingi mfumo huandika kushindwa. Simu iliyopasuka kioo na seva iliyo mbali huonekana kama udhaifu wa mchezaji mwenyewe. Kinyume chake, bingwa anayefungua akaunti mpya ili kuwanyanyasa wanaojifunza huonekana kama mwanagenzi, mpaka namba itakapomkamata.

Udhaifu mwingine unawagusa pia wacheza sataranji wa Uganda. Pointi zina maana pale tu watu wanapokutana. Asiyepata mashindano yanayotambuliwa na FIDE hana namba, hata awe hodari kiasi gani, na kundi linalocheza lenyewe kwa lenyewe haliwezi kulinganishwa vyema na la mbali. Phiona Mutesi, msichana wa Katwe mjini Kampala ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016, alipata cheo chake cha kimataifa mwaka 2012 kutokana na matokeo yake kwenye Olimpiadi ya Sataranji mjini Istanbul. Ilimbidi kwanza afike pale walipo wengine.

Elo mwenyewe aliujua upungufu huo. Alikokotoa orodha za FIDE kwa mkono wake kwa miaka kadhaa, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kilichowapima hata mabingwa wa karne zilizopita. Lakini alifananisha kazi hiyo na kujaribu kupima kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji yaliyochafuka, kwa fimbo iliyoning'inia kwenye kamba inayopeperushwa na upepo. Wavuvi wa Masese, jirani na Walukuba, wanaijua hali hiyo kila upepo unapovuma Ziwa Victoria.

Mwaka 1988 jina lake liliingizwa katika ukumbi wa heshima wa sataranji wa Marekani. Alifia Brookfield, Wisconsin, miaka minne baadaye. Jina lake limekuwa neno la kawaida midomoni mwa vijana wasiojua kwamba lilikuwa la mtu, ambao huulizana Elo zao kama watu wanavyoulizana umri. Kwake yeye, namba hiyo ilikuwa makadirio ya pambano lijalo, yanayosubiri kusahihishwa na pambano lenyewe.