Tom Mboya, kijana aliyeacha Mang'u akiwa amefaulu

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hapa Ngokolo huzuka mazungumzo ya aina moja. Huanzia nje ya Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma baada ya Misa ya Jumapili, huendelea kwenye jumuiya ndogondogo, na mara nyingi huishia nyumbani usiku, baba na mama wakipiga hesabu kimyakimya. Mtoto amefaulu. Anaweza kusubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, au aombe chuo cha afya au cha ualimu, apate cheti mapema na kuanza kuwasaidia wadogo zake. Ipo pia njia ya tatu ambayo vijana hunong'onezana, ile ya kwenda Kakola au Geita kwenye maduara ya dhahabu. Hiyo leo tunaiacha, maana haihusu shule wala chuo.

Sisi waseminari huulizwa maoni yetu kana kwamba tunajua kuliko wazazi. Na katika mazungumzo hayo hakosekani mtu wa kusema kwamba wakubwa wengi hawakumaliza shule na bado walifika mbali, na hapo jina la Tom Mboya hutajwa. Tumeona ni vema tuyasimulie maisha yake, hasa ile miaka michache ambayo watu huipita haraka ili wafike kwenye siasa.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, si mbali na Thika nchini Kenya. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na mama Marcella, walikuwa Wajaluo kutoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, ziwa letu hili hili. Baba alikuwa mnyapara wa vibarua wa mkonge. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa kazi, lakini mshahara wa mnyapara Mwafrika wakati ule ulikuwa mdogo, na Tom alikuwa mtoto wa kwanza. Msomaji aliyezaliwa wa kwanza katika familia ya Kisukuma anajua maana yake bila kuelezwa.

Elimu yake yote ya utotoni aliipata katika shule za misioni. Mwaka 1939 alianza Kabaa, katika nchi ya Wakamba, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1942 alipelekwa St. Mary's Yala, kwa Mapadre wa Mill Hill, huko Nyanza. Mwaka 1946 aliingia Holy Ghost College, ambayo leo ni shule ya Mang'u. Kwa mtoto wa kibarua, kufika hapo kulikuwa kama kufika nusu ya safari ya kwenda Makerere. Mwaka 1947 aliingia hapo kijana mwingine aliyeitwa Mwai Kibaki. Kibaki alikaa Mang'u hadi mwisho, akaenda Makerere, kisha London, na baadaye akawa Rais wa Kenya.

Mboya hakukaa hadi mwisho. Alifanya mtihani wa sekondari wa Waafrika akafaulu, na alama zake zilimruhusu kuendelea hadi cheti cha Cambridge. Hapa ndipo panapotuhusu. Hakufukuzwa, hakushindwa, wala hakuchoka na vitabu. Aliona kwamba baba yake hawezi kumlipia yeye ada na papo hapo kuwalipia wadogo zake waliokuwa wanafikia umri wa shule. Mmoja akiendelea, wengine wangekwama. Mwaka 1948, akiwa na miaka 17, aliingia chuo cha kufundisha mabwana afya jijini Nairobi. Chuo hicho kilimpa mwanafunzi posho wakati wa mafunzo, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu kubwa ya kukichagua. Mzigo ukamwondokea baba.

Tumejaribu kuwaza alivyojisikia siku alipofunga sanduku lake Mang'u, lakini hatutaandika ya kubuni. Tunachokiona katika maisha yake ya baadaye ni kwamba ile nafasi aliyoiacha haikumtoka moyoni.

Chuoni alisoma kuanzia 1948 hadi 1950, na sehemu ya mafunzo hayo ilikuwa Jeanes School, Kabete. Huko alijifunza kukagua nyama, maziwa, vyoo na mifereji. Alijifunza pia mambo yasiyokuwa kwenye ratiba. Jeanes ilikusanya watu wazima wa makabila na kazi mbalimbali, kulikuwa na midahalo, na wanafunzi walimchagua Mboya kuwa kiongozi wao. Chuo kidogo cha kazi kikawa mahali pake pa kujifunza kuongoza mkutano na kutetea hoja bila kugombana.

Mwaka 1951 aliajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi. Cheti alikuwa nacho na kazi aliijua, lakini bwana afya Mwafrika alilipwa takriban sehemu moja ya tano ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, akaingia mama wa Kizungu na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alimuuliza kama macho yake yana kasoro. Mama yule alikasirika sana. Tunaisimulia habari hii kwa sababu wapo vijana wanaodhani kwamba cheti cha mapema kinamaliza matatizo. Yeye alikuwa nacho, na bado alihesabiwa si mtu.

Alichofanya baada ya hapo kilitokana na kazi ile ile. Mwaka 1952 aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri na kukigeuza kuwa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Mwaka 1953, katikati ya hali ya hatari ya Mau Mau, viongozi wengi wakiwa kizuizini, alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya akiwa na miaka 23 tu. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, ni yeye aliyekaa na pande zote mbili hadi wakapata nyongeza ya mshahara.

Wanaomtaja Mboya ili kuibeza shule hawaelezi kwamba katika miaka hiyo yote alikuwa akisoma. Alichukua masomo kwa njia ya posta kutoka chuo cha Afrika Kusini, akisoma usiku baada ya kazi na mikutano. Mwaka 1955, kwa msaada wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, alikwenda Ruskin College huko Oxford. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao shule iliwapita, na hakikudai cheti cha sekondari. Alikaa mwaka mmoja akisoma mambo ya uchumi, siasa na uhusiano wa kazini. Kwa hiyo aliacha shule mwaka mmoja, na kwa takriban miaka 8 iliyofuata aliendelea kuifidia.

Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupiga kura. Mpinzani wake mkubwa, Argwings-Kodhek, alikuwa mwanasheria wa kwanza Mwafrika nchini humo, msomi aliyerudi kutoka Uingereza. Bwana afya alishinda. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra. Alikuwa na miaka 28.

Angeweza kusema basi, mimi nimefika bila cheti cha Cambridge, na ninyi mnaweza. Hakusema hivyo. Aliona vijana waliomaliza sekondari na kukosa nafasi Makerere, wengine wakiwa na barua za kukubaliwa na vyuo vya Marekani mikononi, lakini hawana nauli. Akazunguka Marekani akiomba. Tarehe 9 Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwafikisha New York wanafunzi 81. Nyumbani familia zao zilikuwa zimechangisha fedha kwa karamu za chai na kuuza mifugo. Mwaka 1960 alikwenda kuonana na John F. Kennedy, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari iliyofuata. Hapo walikuwemo pia wanafunzi wa Tanganyika na nchi nyingine jirani. Hadi mpango unakwisha mwaka 1963, karibu vijana 800 walikuwa wamekwenda. Mmoja wao, Wangari Maathai, alipokelewa na masista Wabenedikti katika chuo chao huko Atchison, Kansas, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo hukumu ya Mboya mwenyewe juu ya uamuzi wake wa mwaka 1948. Hakuujutia, kwa sababu wadogo zake walisoma. Lakini hakutaka mtoto mwingine alazimike kuchagua vile.

Hapa tuongeze jambo moja kwa wazazi wa Ngokolo. Wakati wa Mboya sekondari ilidai ada na chuo kilitoa posho. Kwetu mambo yamegeuka: ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, na vyuo vingi ndivyo vinavyodai ada. Michango, nauli na godoro bado vipo, tunajua. Lakini anayemtoa mtoto shuleni akidhani anafuata njia ya Mboya ya kupunguza gharama, aketi kwanza na kalamu.

Yaliyobaki yanajulikana. Tarehe 20 Januari 1962 alifunga ndoa na Pamela Odede katika kanisa la Mt. Petro Claver, Nairobi. Alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi, ambako mwaka 1965 alitoa waraka juu ya ujamaa wa Kiafrika uliotofautiana sana na wa Mwalimu Nyerere. Baadaye Kibaki naye akawa waziri, na vijana wawili wa Mang'u, aliyemaliza na asiyemaliza, wakakaa katika baraza moja.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Misa ya kumwombea ilifanyika katika kanisa kuu la Familia Takatifu, huku nje kukiwa na ghasia na mabomu ya machozi. Kisha msafara ukaelekea ziwani, akazikwa Rusinga, kisiwa ambacho baba yake alikiacha kwenda kutafuta kazi kwenye mkonge.