Rembrandt, Mchoraji Asiyeogopa Mwanga

Rembrandt alizaliwa tarehe 15 Julai 1606 katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi. Baba yake alikuwa msagaji wa nafaka, na mama yake binti wa mwoka mikate. Wazazi walimpeleka shuleni, lakini moyo wake ulivutwa na uchoraji. Basi wakamweka kwa fundi, ajifunze kazi hiyo.

Yapata mwaka 1628, angali kijana, alijichora uso wake mwenyewe. Katika picha ile mwanga waligusa shavu na shingo, bali macho yamo gizani. Na ili kuonyesha nywele zake zilizotimka, aligeuza burashi, akaikwaruza rangi mbichi kwa ncha ya mpini.

Kisha akahamia Amsterdam, mji wa wafanyabiashara. Matajiri wakamlipa vizuri awachore. Mwaka 1634 alimwoa Saskia, na mwaka 1639 akanunua nyumba kubwa. Lakini furaha yake haikudumu. Watoto wao watatu walikufa wangali wachanga, na mwaka 1642 Saskia naye akafariki, akamwachia mtoto mmoja tu, Titus. Tena Rembrandt alipenda mno kununua vitu vya thamani, wala deni la nyumba hakulimaliza. Mwaka 1656 alishindwa kabisa kulipa. Mali yake ikapigwa mnada, na mwaka 1658 nyumba nayo ikauzwa.

Je, aliiacha kazi yake? Hasha! Yapata mwaka 1665 alijichora tena, mzee mwenye kofia nyeupe, ameshika kibao cha rangi na burashi. Picha hiyo imo London, katika nyumba iitwayo Kenwood. Mtu akiikaribia sana, aona rangi nene tu, iliyopakwa kwa haraka. Kofia ni mapigo machache ya burashi, na mkono haukukamilishwa. Lakini akirudi nyuma hatua chache, rangi ile yageuka kuwa ngozi ya mtu hai. Mwanga umeangukia kofia na uso, wala makunyanzi hayakufichwa, wala mashavu yaliyolegea. Macho yaliyokuwa gizani wakati wa ujana, sasa yamtazama kila ajaye mbele yake.

Mwaka 1668 Titus alikufa. Hata baada ya msiba huo, mzee Rembrandt alijichora tena katika mwaka wake wa mwisho. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1669, mwenye umri wa miaka 63, akazikwa katika kanisa la Westerkerk, kaburini pasipo jina.

Basi, msomaji mpenzi, ona jambo hili. Nyumba yake iliuzwa, na vitu vyake vyote vya thamani vikatawanyika. Lakini ujasiri wa kujitazama alivyo, bila kujipamba na bila kujidanganya, haukuweza kupigwa mnada. Kwa sababu hiyo uso wa mzee yule maskini wajulikana hata leo duniani kote.