Leakey alifariki kabla ya kujua mlo wa Zinjanthropus

DK. Louis Leakey, mtafiti aliyeutangazia ulimwengu fuvu la Zinjanthropus, alifariki dunia jijini London Oktoba 1, 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Hakuishi kulipata jibu la swali moja: kiumbe yule mwenye magego makubwa mno alikula nini?

Jibu lilitoka baadaye katika hewa ya ukaa, na mkazi wa Jangwani anayenunua chakula Kariakoo hatapata taabu kulielewa.

Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, akakua akizungumza Kikikuyu. Alisoma Cambridge, na mwaka 1931 akaanza utafiti Olduvai. Kwa karibu miongo mitatu bonde hilo lilimpa zana za mawe tele, lakini si fuvu la aliyezitengeneza. Julai 17, 1959, akiwa amelala kambini kwa homa, mkewe Mary alitoka na kuyaona meno yakichomoza ardhini. Ugunduzi huo ni wa Mary, japo sifa nyingi zilimwendea mumewe.

Louis alilipa fuvu jina la Zinj, ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani yetu, akashikilia kwamba ndiye mtengeneza zana. Mwaka 1964 yeye mwenyewe na wenzake walitangaza Homo habilis, na Zinj akavuliwa heshima hiyo. Akabaki na lakabu ya Mvunja Kokwa. Mwaka 1965 fuvu lilikabidhiwa Tanzania, na makao yake yakawa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kaboni ina isotopu mbili thabiti, nyepesi na nzito. Ile nzito ni takriban moja katika kila mia. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za mbugani hubeba nzito zaidi kuliko mpunga, maharage, ndizi na matunda ya miti. Kwa hiyo mla ugali wa sembe na mla wali hutofautiana hadi menoni. Unga kidogo wa ganda la jino ukitiwa asidi hutoa hewa ya ukaa, ambayo hupimwa kwa mashine inayotenganisha chembe kwa uzito. Siku hizi hewa hiyo yaweza pia kumulikwa kwa leza: kila isotopu hunyonya mwanga wake, na kiasi kinachopotea hutaja uwiano wao.

Mwaka 2008 Profesa Fidelis Masao wa Tanzania, pamoja na Nikolaas van der Merwe na Marion Bamford, walichapisha vipimo vya meno ya mabaki ya kale ya nchini. Kwa jamii ya Zinj, robo tatu au zaidi ya chakula ilitokana na mimea ya kundi la nyasi. Watafiti hao waliyashuku mafunjo ya kinamasini. Ndago, gugu linalowachosha wakulima wa mboga, ni wa ukoo huohuo. Homo habilis, mpinzani wake, alikula mimea hiyo kwa kiasi kidogo zaidi.