Alidina Visram, tajiri aliyefuata reli

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Mutukula leo na marobota yake ya vitenge anajua foleni ya malori, mihuri na maswali ya forodha. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kulikuwa na mtu mwenye maduka kuanzia Bagamoyo hadi Kampala, yakiwa chini ya tawala mbili, ya Wajerumani na ya Waingereza. Mtu huyo ni Alidina Visram. Mombasa wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya shule tu.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Khoja Ismailia. Alivuka bahari akiwa na umri wa miaka 12 na kufikia Bagamoyo. Huko alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya bara: vitambaa, shanga na nyaya vikienda, pembe za ndovu zikirudi. Ni yule yule Sewa Haji ambaye jina lake bado liko kwenye jengo moja la hospitali ya Muhimbili.

Tusipambe mambo. Mali hiyo ilibebwa kwa mabega na vichwa vya wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Lakini kijana aliyekulia katika kazi hiyo alijifunza kwamba utajiri wa pwani unatoka bara, na kwamba bara haliendeshwi kwa kukaa kwenye kiti barazani.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na sehemu kubwa ya biashara ya misafara ikaangukia mikononi mwa Alidina. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imeshaanza kujengwa tangu mwaka 1896, na kila aliyeishi kwa misafara angeweza kuona mwisho wake unakuja. Yeye aliifuata reli. Ilipofika kituo, naye alifungua duka. Kufikia mwisho wa mwaka 1901, reli ilipofika Kisumu ukingoni mwa ziwa, jina lake lilikuwa limeshatangulia kuingia Kampala.

Duka lenyewe halikuwa kitu cha kutazama. Bati, meza ya mbao, chumvi, vitambaa, sukari, taa na mafuta yake, na nyuma chumba cha kulala cha msimamizi. Kilicholitofautisha ni kanuni iliyotawala kuanzia Mombasa hadi tawi la mwisho: duka liuze, na duka linunue. Mkulima aliyeleta ufuta, karanga, ngozi, nta au pilipili hakuambiwa arudi navyo nyumbani. Vilipimwa, akalipwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukikumbuka mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ulioweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Watu waliozoea simbi na kubadilishana mali walitakiwa ghafla watoe sarafu. Wangeipata wapi? Wengi waliipata mahali walipoweza kuuza ngozi ya mbuzi. Na mtu akiwa na rupia 5 mkononi, akalipa 3 za kodi, zile mbili zilizobaki hazikwenda mbali na meza ile ile. Faida ilikuwa ya tajiri, hilo halina ubishi, ila mkulima naye alitoka na kitu.

Wasimamizi wake wengi walikuwa vijana kutoka Kutch na Kathiawar, waliofika kama yeye alivyofika, bila mtaji. Walianza kwa kufagia na kupima, wakapewa daftari, kisha tawi. Aliyejionyesha kuwa mwaminifu aliweza kutoka na kufungua duka lake mwenyewe, akichukua bidhaa za Alidina kwa mali kauli na kulipa baada ya kuuza. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Gikomba hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Matajiri wengi wangemhesabu kijana wa namna hiyo kuwa msaliti aliyekwenda kushindana nao. Yeye alimhesabu kuwa mteja mpya.

Pamba ilipoanza kulimwa kwa kuuzwa nchini Uganda, aliingia pia katika kuinunua na kuichambua. Akaongeza vinu vya mafuta, mbao na vyombo vya ziwani. Hapo kampuni haikuwa ndogo tena, na mimi naona ndipo udhaifu wake ulipokua. Mambo makubwa yaliendelea kumtegemea mtu mmoja, naye aliendelea kusafiri kutazama mambo kwa macho yake. Mwaka 1914 vita vikaanza, na njia za biashara iliyozoea kuvuka kati ya Wajerumani na Waingereza zikageuka uwanja wa mapigano.

Akiwa na zaidi ya miaka 60 alikwenda tena safarini, mara hii Kongo. Alirudi na homa. Alifariki mwaka 1916.

Mwanawe Abdulrasul alirithi maduka, viwanda na madeni ya kudai yaliyotawanyika kwa watu wengi, katika miaka ambayo bei zilipanda na kuporomoka baada ya vita. Madaftari yalikuwapo, lakini aliyejua nani wa kusubiriwa na nani wa kubanwa alikuwa kaburini. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na baada ya miaka michache kampuni ikavunjika, mali zikagawanywa na kuuzwa.

Wale vijana waliokwishatoka na kujitegemea hawakuvunjika nayo. Maduka yao yaliendelea, yakiwa na majina yao wenyewe mlangoni. Na Mombasa ilibaki shule ambayo Abdulrasul aliigharamia kwa kumbukumbu ya baba yake, ambako wanafunzi bado wanaingia kila asubuhi chini ya jina la mtoto aliyefika pwani hii akiwa na umri mdogo kuliko wao.