Jamaa aliyeunda dunia ndogo ndani ya kisanduku cha kioo

Wacha nikusimulie kuhusu msee mmoja wa Norwe, Kristian Birkeland, aliyezaliwa 1867. Kwao aliwahi kuwekwa hadi kwenye noti ya kroner 200.

Swali lake lilikuwa moja: zile taa za kijani zinazocheza angani kule kaskazini kabisa huwashwa na nini? Jibu lake lilikuwa jua. Alisema linatema chembechembe zenye umeme, zinafika huku, na sumaku ya dunia inazivuta kwenye ncha zake. Leo tunauita upepo wa jua.

Mwaka wa 1899 alipeleka kikosi mlimani Haldde, wakapima sumaku katika baridi ya kuua. Si mchezo, mwenzao mmoja alifukiwa na theluji akafa. Bado 1902 akatuma vikosi vinne, hadi Iceland na Svalbard. Vipimo vikamwonyesha kwamba umeme hushuka kutoka anga za mbali ukifuata mistari ya sumaku, unapita ndani ya ionosfia, lile tabaka la juu la hewa yenye chaji, kisha unapanda tena.

Maabarani alitundika mpira wenye sumaku ndani ya kisanduku cha kioo kisicho na hewa, akaurushia umeme. Mwanga ukazuka kuzunguka ncha zake. Noma!

Pesa je? Akaunda mzinga wa umeme, akaualika umma 1903, ukapiga shoti mbele ya wageni. Aibu tupu. Lakini mwanga mkali kama ule ndio mhandisi Sam Eyde alikuwa anautafuta ili kutengeneza mbolea kutoka hewani. Hapo ndipo ilizaliwa kampuni ya Norsk Hydro, na hela ya mbolea ikalipia utafiti.

Sasa hapa ndipo panauma. Mwaka wa 1917, akirudi nyumbani kutoka Misri kupitia Japani kwa sababu ya vita, alikutwa amekufa hotelini Tokyo. Alikuwa na miaka 49, na kwa muda mrefu alitegemea dawa za usingizi. Baadaye Sydney Chapman wa Uingereza akashikilia kwamba umeme huo huzunguka ndani ya ionosfia tu, haushuki kutoka popote. Hesabu zake zilikuwa safi, wengi wakamfuata kwa miongo.

Halafu miaka ya 1960 satelaiti ikapita juu ya ionosfia na kuikuta mikondo palepale Birkeland aliposema. Sasa inaitwa kwa jina lake. Upepo wa jua ukichachamaa, mikondo hiyo hupasha ionosfia joto na kuivuruga, redio za masafa marefu zikakatika, na ndege zinazopita karibu na ncha ya kaskazini zikabadilishiwa njia.