Hermann Helmholtz: Aliyepima Kasi ya Taarifa Kwenye Neva

Hermann Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wake haukutosha kumsomesha fizikia, somo ambalo kijana alilipenda kuliko yote. Njia iliyobaki ilikuwa udaktari, kwa kuwa serikali iliwasomesha bure waliokubali kulitumikia jeshi. Mwaka 1842 tasnifu yake ilionyesha kwamba nyuzi za neva huchipuka kutoka kwenye seli za neva. Ukichora niuroni, aksoni iunganishe na mwili wa seli. Kuiacha ikielea ni kosa.

Wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba taarifa hupita kwenye neva papo hapo. Hata mwalimu wake, Johannes Müller, mtaalamu mkubwa wa fiziolojia, hakutarajia kwamba kasi hiyo ingeweza kupimwa. Mwaka 1849 Helmholtz alipata kazi ya uprofesa Königsberg, akaamua kujaribu.

Alichukua msuli wa mguu wa chura ukiwa bado na neva yake. Kwanza aliishtua neva kwa umeme karibu na msuli, akapima muda hadi msuli kujikunja. Kisha akaishtua mbali zaidi na kupima tena. Mkewe, Olga, alimsaidia kusoma vipimo. Muda wa pili ulikuwa mrefu kidogo. Tuseme nukta hizo mbili zilitengana kwa milimita 50, na tofauti ya muda ni sekunde 0.0019:

kasi = 0.05 ÷ 0.0019 = takriban mita 26 kwa sekunde.

Jibu lake lilikuwa karibu na hapo. Uzuri wa njia hii uko kwenye kutoa: muda ambao msuli wenyewe huchelewa umo katika vipimo vyote viwili, hivyo unajifuta. Baba yake alipopata habari alisita kukubali kwamba kuna pengo kati ya nia na tendo. Helmholtz aliendelea, akawapima watu na kupata takriban mita 60 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mchimbaji wa Nyarugusu akikanyaga jiwe ndani ya duara, taarifa ya mguso huchukua kama sekunde 0.03 kupanda mwili wa mita 1.7.

Watahiniwa wengi huponzwa hapa kwa kuandika kwamba neva ni kama waya wa umeme. Kwenye waya husafiri elektroni, tena ishara huenda kwa kasi kubwa mno. Kwenye neva, ioni za sodiamu huingia ndani kupitia utando wa seli na za potasiamu hutoka, kipande kwa kipande, hadi mwisho wa aksoni. Ndiyo sababu ni polepole. Helmholtz hakujua jambo hili la ioni. Julius Bernstein, aliyekuwa msaidizi wake Heidelberg, ndiye aliyeeleza nafasi ya utando na potasiamu mwaka 1902.

Mwaka 1851 Helmholtz alitangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, ambacho madaktari wa macho wanakitumia hadi leo kwa maumbo mapya. Alifariki tarehe 8 Septemba 1894.

Hesabu yake haikufa. Katika Geita na Kahama wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, mara nyingi nyumbani walipo watoto. Mvuke wake huingia mapafuni, hufika kwenye damu na ubongo, na kuharibu seli za neva: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, wengine hupata ganzi. Daktari akitaka kujua kama neva ya mkono imeumia, huishtua kidogo kwa umeme kwenye kifundo cha mkono, kisha kwenye kiwiko, akapima umbali kati ya nukta hizo na kutoa muda mmoja kutoka kwa mwingine.