Daktari Irvine wa Chogoria: Ungemshtaki kwa nani?

Ukipanda matatu kutoka Embu kwenda Meru, ukishapita Runyenjes na Chuka, utafika Chogoria. Ile hospitali kubwa ya PCEA ilianzishwa na Mskoti, Dkt Clive Irvine. Pengine nyanyako alijifungulia humo.

Irvine alifika Afrika Mashariki enzi za Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1922 alifungua misheni ya Kanisa la Scotland hapo Chogoria, kwa pesa za baba mkwe wake, Ernest Carr, tajiri wa Nairobi. Hebu fikiria: anayekutibu ndiye mkubwa wa misheni, na shule pamoja na kanisa ziko chini ya misheni hiyo hiyo. Sasa ukitendewa vibaya leba, utamlalamikia nani? Yeye mwenyewe?

Jambo hilo lilichacha 1929. Madaktari wa misheni walipinga ukeketaji, wakisema kovu huzuia njia ya mtoto. Kwa hilo hawakukosea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006, ukihusisha zaidi ya akina mama 28,000 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba waliokeketwa hupasuliwa na kuvuja damu zaidi wakati wa kujifungua.

Lakini Irvine hakukaa chini na akina mama wajadiliane. Alitaka waumini waape na kutia kidole gumba kwenye karatasi. Anayekataa, kanisa basi. Wengi wakaondoka zao, na shule nazo zikabaki na watoto wachache. Kwangu mimi hayo yalikuwa malalamiko kamili, ila yaliandikwa kwa miguu kwa sababu hakukuwa na dawati la kuyapokea.

Na usidhani ni wazungu tu. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, wanaume watupu, walipiga marufuku tohara ya wasichana Meru bila kuwauliza wasichana. Wakachukua nyembe wakajikata wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Kwa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Miili iliyoumia ni ile ile iliyokuwa ikilindwa.

Siku hizi ukeketaji umeharamishwa na sheria ya 2011, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma za afya, uzazi ukiwemo. Daktari akizembea, unaweza kuandikia baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, hata kama yeye ndiye bosi wa hospitali nzima. Omba nakala ya faili yako mapema, uandike tarehe na majina ya waliokuhudumia.

Irvine naye alibaki Chogoria miongo kadhaa. Baadhi ya walioondoka walirudi polepole, wodi zikaongezeka, na baadaye mwanawe Geoffrey, daktari pia, akaisimamia hospitali. Huyo alijulikana zaidi kwa kupeleka huduma za upangaji uzazi vijijini, nyumba kwa nyumba, zikitolewa na wanakijiji wenyewe.